Daftari la stoo na barua ya kuacha kazi iliyobaki kwenye simu

Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu. "Naacha kazi kuanzia leo. Sababu mnazijua. Asanteni kwa dharau." Dada mmoja aliiandika kwenye simu, Ijumaa saa 4 usiku, akanitumia niisome kabla hajaituma kwa meneja wake na nakala kwa mkurugenzi. Chini yake aliongeza: "Kaka, nirekebishie lugha tu. Usinishauri."

Lugha sikuigusa. Nilimpigia simu nikamuuliza mshahara alioupokea mwezi huo ungemfikisha tarehe ngapi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia, na ndani ya kilio kile ndimo kisa kilimotoka.

Alikuwa msimamizi wa stoo katika kampuni ya kusambaza bidhaa, mwaka wake wa 6 pale. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini mfuatano wa matukio ni ule ule. Mimi niliwahi kufanya kazi ya rasilimali watu, ndiyo maana watu wa aina yake hunipigia saa kama zile. Nakiandika kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili ambayo kwa kawaida hushauriwa kama hayahusiani: kuishi na bosi mgumu, na kutafuta kazi nyingine. Kwake yeye yalikuwa jambo moja. La kwanza lilikuwa linaliharibu la pili, na hakujua.

Miezi minne kabla ya Ijumaa hiyo, alikuja meneja mpya wa uendeshaji. Wiki ya pili tu, msimamizi wa stoo aliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la mipango ya usambazaji, bila maelezo. Maagizo yakawa ya mdomo. Ripoti zake za mwezi zikawa zinawasilishwa na mtu mwingine. Halafu akaenda likizo ya wiki mbili. Mzigo ukapokelewa na msaidizi wake, na aliporudi katoni 40 hazikuonekana. Katika kikao, meneja alisema "hata mtoto angehesabu" mbele ya vibarua watatu ambao yeye ndiye huwapangia zamu. Ijumaa saa 10 jioni, watu wakifunga kompyuta, akakabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza, ajibu ndani ya saa 48.

Barua ya kujieleza inayotolewa Ijumaa jioni ni mbinu ya zamani. Nimeiona mara nyingi kiasi kwamba sikushangaa. Mtu hupelekwa wikendi akiwa peke yake na hasira yake, na mara nyingi hurudi Jumatatu na moja kati ya mawili: barua ya kuacha kazi, au jibu la kurasa tano linalomchimbia kaburi. Kwa mwajiri asiyemtaka, yote mawili ni faida.

Kwa hiyo kazi ya usiku ule haikuwa kumtuliza. Ilikuwa kumtenganishia maswali mawili aliyokuwa ameyafunga pamoja. Je, aondoke? Na je, aondoke leo? La kwanza nililijibu pale pale: ndiyo, nadhani utaondoka. Nilitaka asikie hivyo kwa sababu mtu aliyedhalilishwa akiambiwa "vumilia" huona na wewe umehamia upande wa pili. La pili nikalikataa.

Sababu ya kulikataa haikuwa pesa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marie Jahoda na wenzake walichunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Ungetarajia watu wenye muda mwingi wasome zaidi, waende zaidi kwenye vyama vyao. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu kwa nusu, na wanaume barabarani walitembea polepole, wakisimama kila mara bila sababu. Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, hata isiyopendeza, humpa mtu zaidi ya mshahara: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli ya kila mara. Anayeacha kazi kwa hasira hupiga hesabu ya mshahara tu. Hayo mengine matano huyagundua wiki ya tatu.

Nisiipambe hoja hii kupita kiasi, maana ina upande wa pili. Mwaka 2011 Peter Butterworth na wenzake, kwa kutumia takwimu za Australia, walionyesha kwamba kazi mbovu, yenye shinikizo kubwa, isiyo na uhakika na isiyompa mtu sauti, haikuwa bora kwa afya ya akili kuliko kukosa kazi, na kwa watu waliohamia kwenye kazi za namna hiyo hali ilikuwa mbaya zaidi. Kubaki si fadhila. Ndiyo maana tulikubaliana mstari wa kuondoka: siku atakapoagizwa kusaini hesabu ya mali ambayo anajua ni ya uongo, anaondoka siku hiyo hiyo, kazi ipo au haipo. Aliuandika. Kuwa na mstari huo kulimsaidia kuliko nilivyodhani. Alisema baadaye kwamba tangu usiku ule hakuwa tena mtu aliyenaswa, alikuwa mtu anayesubiri.

Sasa jibu la barua. Rasimu yake ya Jumamosi ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Maneno "unanionea" yalitokea mara tatu, "kila mtu anajua" mara mbili, na aya nzima ilihusu tabia ya meneja tangu aje. Sikusema ni uongo. Nilimuuliza: katika ukurasa huu, ni sentensi zipi ambazo mtu asiyekujua wewe wala yeye anaweza kwenda kuzihakiki? Zilikuwa nne. Tukazichukua hizo, tukaongeza tatu.

Jibu la mwisho lilisema hivi kwa ufupi: nilikuwa likizo iliyoidhinishwa kati ya tarehe hii na hii, mzigo ulipokelewa nikiwa sipo, na hati ya kupokelea mzigo haina saini yangu, siku ya kwanza ya kurudi nilihesabu nikakuta upungufu wa katoni 40, nikaripoti kwa ujumbe saa 5 asubuhi ya siku hiyo, nakala naambatisha, kabla ya likizo sikuacha hati ya makabidhiano yenye saini, na hilo ni upungufu wangu, kuanzia sasa hakuna likizo ya mtu wa stoo bila makabidhiano ya maandishi, naomba kumbukumbu za lango na za matawi mengine zikaguliwe.

Sentensi ile ya kukiri tuliibishania Jumamosi nzima. Hakuitaka. Alisema wataishika hiyo hiyo, na hofu yake ilikuwa na msingi, maana kuna waajiri ambao ukikiri tone wanakutoza bahari. Nilishikilia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli na wangeligundua kwa swali moja tu kwa msaidizi wake. Ukilitaja mwenyewe lina ukubwa wake halisi, yaani karatasi iliyokosekana. Likigunduliwa na mwingine linageuka kuwa jambo ulilolificha. Lakini angalia alikiri nini: kukosekana kwa hati, si kupotea kwa katoni. Wengi huchanganya hapo, wakaandika "naomba radhi kwa upotevu uliotokea" wakidhani ni adabu, kumbe wamesaini.

Alituma kwa barua pepe Jumapili mchana, Jumatatu akapeleka nakala ya karatasi na kuomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Kanuni ya kumsikiliza mfanyakazi kwanza haikutokana na hisani ya mwajiri. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Nchi nyingine zimeuridhia, nyingine hazijauridhia, lakini wazo hilo limeingia katika sheria nyingi za kazi, kwa hiyo jibu la maandishi lenye tarehe huwa na uzito popote litakapofika.

Hata hivyo barua ya onyo ilikuja, wiki tatu baadaye. Nalieleza hili mapema ili msomaji asidhani jibu zuri hushinda daima. Jibu zuri lilifanya onyo liwe la kukosa makabidhiano, si la wizi wala uzembe mkubwa. Kwa mtu wa stoo, tofauti hiyo ndiyo riziki.

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Baada ya onyo nilimsukuma apeleke malalamiko rasmi kwa idara ya rasilimali watu kuhusu lile neno la "hata mtoto" na kuondolewa kwenye kundi. Niliandika kwa lugha nzito. Nilitaja Mkataba namba 190 wa shirika hilo hilo la kazi, wa mwaka 2019, ule wa kuzuia ukatili na unyanyasaji kazini ulioanza kutumika Juni 25, 2021, na kwamba tendo hata likitokea mara moja linaweza kuhesabika. Kisheria sikuwa mbali. Kiutendaji nilikuwa mjinga. Ile ilikuwa idara ya watu wawili, na mmoja aliajiriwa kwa mapendekezo ya meneja yule yule. Malalamiko yalimfikia siku hiyo hiyo. Kwa mwezi mzima hali ikawa mbaya maradufu: alihamishiwa meza karibu na mlango, funguo za stoo zikawa mbili.

Nilichopaswa kufanya ni kumuuliza kwanza: ukilalamika, ni nani hasa atakayesoma, na anamtegemea nani? Kulikuwa na njia ndogo zaidi. Angeweza kumwambia meneja ana kwa ana, faraghani, "Bosi, nikikosea niite ofisini. Mbele ya vibarua sitaweza kuwasimamia kesho." Sentensi ya namna hiyo inazungumzia kazi, na hata bosi mwenye kiburi hupata shida kuikataa. Baadaye aliisema, na ikasaidia kidogo. Si sana.

Katika kipindi hicho alianza kuniuliza kama anachofanyiwa ni unyanyasaji au ni bosi mkali tu. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Sweden na kuchunguza jinsi mfanyakazi anavyoandamwa kazini, alitumia kipimo cha matendo yanayojirudia angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi sita au zaidi. Kipimo hicho kinamfaa mtafiti anayehitaji mpaka. Aliye ndani hana haja ya kusubiri mwezi wa sita ili apewe ruhusa ya kuumia. Nilichomwomba ni kuandika.

Akanunua daftari. Kila tukio: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa kwa maneno yale yale, yeye alifanya nini. Nilimkataza sifa. "Alinidharau" si kumbukumbu. "Saa 3 asubuhi, kikao kwenye lango la kupakulia, alisema hata mtoto angehesabu, walikuwepo vibarua watatu" ni kumbukumbu. Nilimkataza pia kubeba nyaraka za kampuni nyumbani au kuzipiga picha ovyo, maana hapo ungekuwa umewapa kosa la kweli badala ya lile la kubuni.

Wakati huo huo alianza kutafuta kazi, na vibaya mno. Alituma maombi 31. Mengi aliyatuma usiku wa manane, baada ya siku mbaya, kwa wasifu ule ule, na machache kwa kompyuta ya ofisini, jambo ambalo lilinipandisha presha. Majibu yalikuwa manne, matatu ya kukataliwa. Niliposoma wasifu wake nikaelewa. Ulisema: "Kusimamia stoo. Kupokea mizigo. Kuandaa ripoti. Majukumu mengine kama nitakavyopangiwa." Hayo ni maneno ya tangazo la kazi, hayana mtu ndani yake. Ukimpa huo wasifu mwenzake wa kampuni jirani, hakuna mstari utakaobadilika.

Nikamwomba alete lile daftari, kwa nia ya kuangalia tarehe ya onyo tu. Nikaanza kusoma. Kwa kuwa nilimwagiza aandike na alichofanya yeye, kurasa zilikuwa zimejaa kazi. "Mzigo ulikuja bila hati, nikaukataa, dereva akarudi nayo baada ya saa mbili." "Hesabu ya mwezi imeisha siku moja na nusu, zamani siku tatu, tangu nigawe rafu kwa zamu." "Nimegundua dawa za usafi zinazokaribia kuisha muda zimewekwa nyuma, nimezileta mbele." Alikuwa ameandika daftari la malalamiko, na bila kujua akawa ameandika wasifu.

Tulikaa siku nzima ya Jumapili tukihamisha. "Kuandaa ripoti" ikawa "Nilipunguza muda wa hesabu ya mali ya kila mwezi kutoka siku 3 hadi siku 1 na nusu kwa kugawa rafu kwa zamu." "Kupokea mizigo" ikawa sentensi inayotaja idadi ya magari kwa wiki na utaratibu wa kukataa mzigo usio na hati. Hakuna tulichokuza. Nadhani hilo lilimponya kuliko maneno yangu yote, kwa sababu kwa miezi kadhaa alikuwa ameambiwa hajui kuhesabu, na pale mezani ushahidi wa mkono wake mwenyewe ulikuwa unasema vingine.

Wiki mbili baadaye akaitwa kwenye usaili. Akarudi akiwa na furaha. "Walinisikiliza sana," akasema. Nikamuuliza walimuuliza nini. Swali la pili lilikuwa: kwa nini unataka kuondoka ulipo? Na wewe ukajibu nini? Akanieleza. Nilitazama saa wakati anaeleza, akatumia dakika 11. Alianza na kundi la WhatsApp, akaingia kwenye katoni, akamaliza na funguo mbili. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimwangusha.

Niweke wazi kwa nini, maana wengi wakiambiwa "usimseme vibaya bosi wako wa zamani" huona wanafundishwa unafiki. Wale wasaili hawawezi kujua nani mkweli. Hawamjui meneja, hawakuiona stoo. Wanachokiona ni mtu aliyepewa swali la dakika moja na kukaa nalo dakika 11, na wanajiuliza kama wao ndio watakuwa kisa cha dakika 11 katika usaili wake ujao. Wanapima ukubwa wa kidonda, na hawana namna ya kujua kimetokana na nani. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na ukuta wenyewe hata haukuwa pale chumbani.

Hapo ndipo nilipoona jambo nililolitaja mwanzo. Bosi alikuwa amemfuata mpaka kwenye usaili. Hasira isiyopata pa kumwagika hutafuta mtu wa kwanza anayeuliza kwa upole, na wasaili wengi huuliza kwa upole.

Nilikumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker. Waliwachukua wataalamu 63 waliopoteza kazi. Kundi moja liliandika kwa dakika 20 kila siku, siku 5, kuhusu hisia zao za ndani juu ya kuachishwa. Kundi jingine liliandika mambo ya kawaida, na wengine hawakuandika. Walioandika hisia walipata ajira mpya haraka zaidi, ingawa hawakuwa wametafuta kwa bidii kuliko wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba waliingia kwenye usaili wakiwa wameshaitua hasira. Ni kundi dogo, na sitaapa kwamba hutokea kwa kila mtu. Lakini gharama yake ni kalamu.

Kwa hiyo akawa na madaftari mawili. Lile la kwanza likabaki na tarehe na maneno yaliyosemwa. La pili, la bei ya chini, lilikuwa la kutukana. Siku tano, dakika ishirini, mlango umefungwa. Sikuwahi kulisoma na sikuomba. Siku ya sita akaniambia, "Kaka, nimechoka kumwandika. Leo nimeandika habari za mama." Nikajua tunaweza kufanya mazoezi.

Jibu tulilolitengeneza lilichukua sekunde 40. "Nimekaa pale miaka 6 na nimejifunza stoo kuanzia kupokea mpaka kusambaza. Uongozi umebadilika, na maamuzi mengi ya stoo yamehamia ofisini. Mimi hufanya vizuri nikipewa dhamana ya hesabu na kuulizwa matokeo. Tangazo lenu limeandikwa hivyo, ndiyo maana nimekuja." Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda kwa muda mrefu. Kila akimaliza alitaka kuongeza "kwa kweli yule meneja..." Tulirudia kwenye simu jioni baada ya jioni, mimi nikiwa msaili mwenye sauti ya huruma, kwa sababu msaili mkali hakumtisha, aliyemtisha ni mwenye huruma.

Tukaandaa na swali la hatari: umewahi kupewa onyo? Hapo hakuna kukwepa. Fomu ikiuliza, anajibu ndiyo, kwa sentensi mbili: kulikuwa na upungufu wa mali nikiwa likizo, nikapewa onyo kwa kutoacha makabidhiano ya maandishi, tangu hapo hakuna anayeondoka stoo bila kusaini. Kuhusu wadhamini, hakumweka meneja wa sasa. Alimweka meneja aliyestaafu, ambaye alimsimamia miaka 5 kati ya ile 6, na alimpigia kwanza kumwomba ruhusa.

Katika usaili uliofuata alifika hatua ya mwisho, akachukuliwa mwingine. Kisha ukimya wa wiki saba. Katika ukimya huo akajitokeza wakala aliyemwahidi nafasi kama angelipa ada ya usajili kwanza. Alikuwa ameshaanza kukusanya hiyo pesa aliponiuliza. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, isipokuwa pale nchi iliporuhusu kwa masharti. Nilimwambia aombe jina la mwajiri na barua ya ofa kabla ya senti yoyote. Wakala hakupokea simu tena.

Nafasi ilitoka kwa mtu ambaye sisi wote hatukumfikiria. Dereva wa msambazaji mmoja, yule ambaye mwaka mmoja nyuma alirudishwa na mzigo usio na hati, alikuja kushusha mzigo, akamwambia huku akisaini, "Dada, kule ninakotoka stoo imevurugika, wanatafuta mtu asiyepokea mzigo kienyeji. Nimewaambia namjua mmoja." Walikuwa wakionana labda mara mbili kwa mwezi, salamu na saini.

Mwaka 1973 Mark Granovetter alichapisha uchunguzi wake wa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Ni asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Rafiki wa karibu anajua unachokijua. Dereva anaingia stoo kumi ambazo hujawahi kuziona. Wakati wote huu mhusika wetu alikuwa amewaomba marafiki na ndugu, walewale waliokuwa tayari wanamhurumia, na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja kati ya wale walioiona kazi yake kwa macho. Hata mimi sikumkumbusha.

Usaili wa mara hii ulifanyika ndani ya stoo yenyewe, wamesimama. Alipoulizwa kwa nini anataka kuondoka alisema yale ya sekunde 40, akanyamaza. Msaili naye akanyamaza. Kisha akamwuliza angeanza na rafu ipi.

Kabla ya kukubali aliuliza maswali matatu, nayo hatukuyatunga kwa ajili ya kuonekana mjanja: aliyekuwa hapa ameondoka kwa nini, nitaripoti kwa nani, na maagizo hutolewa kwa njia gani. La tatu ndilo alilolijali. Walimwonyesha mfumo. Alisubiri barua ya ofa iliyosainiwa, akaisoma kuhusu muda wa matazamio na notisi, ndipo akaandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa na mistari mitatu pia. Tarehe, notisi kwa mujibu wa mkataba, na ahadi ya kufanya makabidhiano.

Makabidhiano yalichukua siku nne. Alihesabu kila rafu pamoja na msaidizi wake, wakasaini kila ukurasa. Meneja alikataa kusaini siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alikuja, akachagua rafu moja mwenyewe, akahesabu, ikalingana. Akasaini bila kusema kitu. Mhasibu alisaini kama shahidi.

Miezi miwili baadaye yule msaidizi alimpigia. Katoni 40 zilikuwa zimeonekana kwenye tawi jingine, zilipelekwa huko kwa gari lile lile, na hati yake ilikuwa imebandikwa nyuma ya hati nyingine. Kumbukumbu za matawi ndizo zile alizoomba zikaguliwe katika sentensi ya saba ya jibu lake. Aliandika kuomba onyo liondolewe kwenye faili lake. Hawajamjibu, na barua ile bado imo humo.